Vitabu vya Siku ya Shida: Wanaojiandaa Wanasoma Nini?

Kati ya vitabu ambavyo Wamarekani wanaojiandaa kwa majanga huvisifia sana, kimo kimoja ambacho hakikukusudiwa kwa Mmarekani yeyote. Kiliandikwa kwa Kihispania kwa ajili ya wakulima wa milima ya Sierra Madre, magharibi mwa Meksiko, kikatoka mwaka 1973 kwa jina la Donde no hay doctor. Mwandishi wake, David Werner, alikuwa mtaalamu wa biolojia, hakuwa daktari. Alifika jimbo la Sinaloa katikati ya miaka ya 1960, akakuta watu wanakufa kwa maradhi ambayo mjini yangetibika kwa siku mbili tatu, akaanza kuwafundisha wanakijiji kuhudumiana wenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1977, na tangu hapo kitabu kimeingia katika lugha zaidi ya 80. Sisi tunakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, kilichotolewa Dar es Salaam kwa juhudi za Rotary, na ni wengi waliowahi kukiona kwenye meza ya zahanati, jalada limechakaa na kurasa zimejaa alama za vidole.

Kitabu hicho hicho leo kinahifadhiwa katika nyumba za Ohio na Idaho pamoja na magunia ya ngano, mishumaa na risasi, kikisubiri siku ambayo umeme utakatika na usirudi. Kimetoka kwa watu wasio na daktari kikaenda kwa watu wanaohofu kumkosa. Na hakiko peke yake. Ukizichunguza orodha za vitabu wanazopendekezeana watu hawa, utaona kuwa sehemu kubwa ya maarifa yenye kufaa ndani yake yametoka kwa maskini wa mahali fulani, waliokuwa wanaishi kila siku katika hali ambayo wasomaji wa sasa wanaiita janga.

Kabla ya kuvitazama vitabu, tuwatendee haki wasomaji wake. Ni rahisi kuwadhania kuwa ni watu wenye hofu iliyopita kiasi, na wapo wa namna hiyo. Lakini chimbuko la mwenendo huu lina mantiki yake. Wapo waliolelewa enzi za Vita Baridi, serikali ilipowaambia wananchi wachimbe mahandaki ya kujikinga na mabomu ya nyuklia. Wapo Wamormoni, ambao kanisa lao limewahimiza kwa vizazi kuweka akiba ya chakula nyumbani. Wapo walioamka wakati wa mgogoro wa mafuta wa 1973, na wengine wengi walioamka mwaka 2020, rafu za maduka zilipobaki tupu kwa sababu ya korona. Na sasa serikali za Ulaya zenyewe zinasema maneno yale yale. Mwaka 2018 Sweden ilituma kijitabu cha maandalizi kwa kaya zipatazo milioni 4.8, ikakiandika upya mwaka 2024 na kuongeza makali, na sasa raia anatakiwa aweze kujimudu kwa wiki moja. Machi 2025 Tume ya Ulaya ilishauri kila kaya iwe na akiba ya saa 72. Haukupita muda, tarehe 28 Aprili, umeme ukazimika karibu Hispania na Ureno zote, na watu wakakimbilia madukani kununua redio za betri. Kwa hiyo swali la nini kisomwe kabla ya siku hiyo limekwisha kuwa la kila mtu.

Nianze na vitabu ambavyo nadhani vinapotosha, kwa kuwa ndivyo vinavyosomwa kwa shauku kubwa zaidi: riwaya za maangamizi. Alas, Babylon ya Pat Frank, iliyotoka mwaka 1959, inahusu mji mdogo wa Florida baada ya vita vya nyuklia. One Second After ya William Forstchen, ya mwaka 2009, imewafanya watu wengi waanze kununua akiba kuliko kijitabu chochote cha serikali ninachokijua. Ndani yake bomu linalipuliwa juu kabisa angani, vyombo vyote vya umeme vinakufa kwa mpigo, na mji unabaki peke yake. Dawa zinakwisha, binti wa mhusika mkuu mwenye kisukari anakosa insulini, njaa inaingia, na majambazi wanaujia mji kwa wingi. Msomaji akifunga kitabu anakuwa amejifunza mambo mawili: kwamba mifumo tunayoitegemea ni dhaifu, na kwamba hatari kubwa ni binadamu mwenzake. La kwanza ni kweli. La pili ndilo linalonisumbua.

Forstchen aliiweka hadithi yake katika mji halisi, Black Mountain, katika milima ya North Carolina, jirani na chuo cha Montreat anakofundisha historia. Mwishoni mwa Septemba 2024, kimbunga Helene kiliishukia milima hiyo hiyo. Mito ilifurika, barabara zikasombwa, umeme na simu vikakatika, na Black Mountain pamoja na vijiji vya jirani vikawa kisiwa, kama riwaya ilivyotabiri. Katika jimbo hilo walikufa watu zaidi ya 100. Jiji la Asheville, ambalo liko karibu sana, lilikaa siku 53 bila maji salama ya bomba. Hapakuwa na jaribio bora zaidi la kupima riwaya ile.

Kilichotokea ni kwamba majirani walitoka na misumeno wakakata miti iliyoziba njia. Migahawa ilipika vyakula vilivyokuwa vinayeyuka kwenye majokofu yao na kuvigawa bure. Wenye leseni za redio za mawasiliano walikaa masiku kwenye mitambo yao, wakitumia kituo cha kurushia mawimbi kilichoko Mlima Mitchell kupokea habari za walionasa na kuzifikisha kwa waokoaji. Mahali ambapo gari halikuweza kupita, watu walipeleka chakula na dawa kwa migongo ya baghala. Wizi ulikuwepo, na uongo ulienea kwa kasi, hasa kuhusu waokoaji wa serikali. Lakini vita vya mtaa kwa mtaa ambavyo wasomaji wa riwaya walikuwa wamevinunulia risasi havikutokea.

Wataalamu wa majanga wasingeshangaa. Eric Klinenberg alichunguza joto kali lililoua zaidi ya watu 700 Chicago Julai 1995, akaonyesha kwamba waliokufa wengi walikuwa wazee waishio peke yao katika mitaa ambayo watu hawakutoka nje na hawakujuana, huku mtaa wa jirani wenye umaskini wa kiwango kinachokaribiana, lakini wenye maduka na watu barabarani, ukipoteza wachache zaidi. Daniel Aldrich alilinganisha Kobe, New Orleans na sehemu nyingine zilizopigwa na majanga, akafikia hitimisho linaloelekea huko huko: wanaojuana huinuka mapema. Mtu aliyesoma riwaya kumi za maangamizi na asimjue jina mwanamke wa nyumba ya pili hajajiandaa kikamilifu, hata kama stoo yake ina chakula cha mwaka mzima.

Katika rafu hiyo hiyo vipo vitabu vya namna nyingine, na hapa ndipo ninapowaheshimu wasomaji hawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mama wa nyumbani mmoja wa Idaho aitwaye Carla Emery alianza kuandika kila alichojua kuhusu kuishi shambani: kukamua, kuchinja, kutengeneza sabuni, kupanda, kuzalisha wanyama. Hakuwa na mchapishaji. Alichapa kwa mashine ya kurudufu nyumbani kwake, akawatumia wateja kwa posta sura moja moja kadiri alivyozimaliza, na alikamilisha mwaka 1974. Leo kinaitwa The Encyclopedia of Country Living, kina mamia ya kurasa, na bado kinasomeka kama barua ya shangazi: anakueleza namna ya kumchinja kuku, kisha anakiri kwamba mara ya kwanza inahuzunisha.

Kusini, katika milima ya Georgia, wanafunzi wa sekondari ya Rabun Gap walianzisha jarida mwaka 1966 na kulipa jina Foxfire. Kazi yao ilikuwa kwenda kwa bibi na babu zao na majirani, kuwauliza wanajengaje nyumba ya magogo, wanasukaje vikapu, wanakaushaje nyama, wanatafsirije mawingu, na kuandika majibu kwa lafudhi ya wasemaji wenyewe. Kitabu cha kwanza kilitoka 1972, kikanunuliwa kupita matarajio ya yeyote. Kwa Wamarekani wa mjini, watu wa milima ile walikuwa washamba wa kuchekwa. Baada ya kitabu, walikuwa walimu. Nayapenda mageuzi hayo. Na jambo hilo linafanyika kwa gharama ya daftari, kalamu na kinasa sauti; nadhani hakuna shule ya sekondari katika Afrika Mashariki isiyoweza kulifanya muhula ujao.

Uingereza ilikuwa na John Seymour, ambaye The Complete Book of Self-Sufficiency yake ya 1976 bado inauzwa. Seymour alikuwa ameishi Afrika kusini mwa ikweta na kupigana Vita Kuu ya Pili akiwa na askari wa King's African Rifles, huko Uhabeshi na Burma, kabla ya kurudi kwao kulima. Na katika rafu hiyo hiyo utakuta kitabu cha madaktari wa vijijini wa China, kilichoandaliwa mkoani Hunan mwaka 1970, ambacho serikali ya Marekani ilikitafsiri mwaka 1974 na baadaye kikauzwa kwa raia wa kawaida.

Kwa nini vitabu hivi hudumu, wakati mamia ya miongozo ya kujiokoa, mingine yenye picha nzuri na majina ya makomandoo, hupotea baada ya miaka mitatu? Jibu nimelipata mahali ambapo sikulitegemea: kwa Cresson Kearny, mtafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, aliyeandika Nuclear War Survival Skills mwaka 1979. Jambo analolizungumzia ni la kutisha. Njia yake ya kuandika ndiyo yenye somo. Kearny na wenzake walizipa familia za kawaida maelekezo ya karatasi ya kujenga handaki la kujikinga na vumbi lenye mionzi, wakaziacha zifanye kazi kwa zana zilizomo nyumbani, wakakaa pembeni kuangalia zinakosea wapi. Kila familia zilipokwama, maelekezo yaliandikwa upya. Hata kile kipimo cha mionzi alichokibuni, kinachotengenezwa kwa kopo, karatasi ya aluminiamu na chembe za jasi kavu, kilijaribiwa kwa watu wasio na utaalamu kabla ya kuingia kitabuni. Kisha Kearny akaruhusu maarifa yale yanakiliwe bila malipo, na ndiyo maana yapo kila mahali hadi leo.

Werner alifika hapo hapo kwa njia nyingine. Kitabu chake kilikua kutokana na vijikaratasi vya kufundishia vilivyokuwa vinatumiwa na watu wenye miaka michache tu ya shule, na mchoro usioeleweka ulichorwa tena. Tazama alivyoeleza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Kipimo kinachotumika sana ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Lakini vijiko hutofautiana na mkono wa mama mwenye hofu hutetemeka, na chumvi ikizidi inaweza kumuua mtoto. Ndiyo maana kitabu kinaongeza kwamba, kabla ya kutia sukari, uonje: maji yasizidi machozi kwa uchumvi. Kila binadamu anayajua machozi. Sentensi ya namna hiyo haiandikwi na mtu aliyekaa ofisini tu.

Hata hivyo kitabu kinaweza kusomwa vibaya, na hiki kimesomwa vibaya. Kurasa zake za kijani, zenye majina ya dawa na vipimo, ndizo wengi wa wanaojiandaa huzikimbilia. Kwa miaka mingi baadhi yao walinunua antibayotiki zilizouzwa kwa ajili ya samaki wa mapambo, kwa kuwa hazikudaiwa cheti cha daktari, wakaziweka kabatini. Kurasa nyingine za kitabu hicho zinapigana na tabia hiyo hiyo. Werner aliona vijijini watu wakiuza ng'ombe kulipia sindano wasizozihitaji, na anaonya tena na tena dhidi ya kutumia antibayotiki na sindano ovyo. Msomaji anayeruka maonyo na kunakili vipimo anachukua nusu ya maarifa, tena nusu yenye hatari.

Hatari nyingine ni ya umri wa kitabu, na hii inatuhusu moja kwa moja. Aprili 2015, katika mji wa Lancaster, Ohio, waumini walikula pamoja baada ya ibada. Saladi ya viazi ilikuwa imetengenezwa kwa viazi vilivyohifadhiwa nyumbani katika chupa, na chupa zile zilikuwa zimechemshwa kwa maji ya kawaida. Watu 29 walipata ugonjwa wa botulizimu na mmoja alifariki. Vijidudu vyake hutengeneza vijimbegu visivyokufa kwa maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Vyakula vyenye asidi kidogo kama viazi, maharage na nyama vinahitaji joto la nyuzi 116 hivi, ambalo hupatikana tu ndani ya sufuria ya presha. Wizara ya kilimo ya Marekani imeyaandika haya na kuyarekebisha mara kwa mara. Lakini bado wapo wanaoamini kitabu cha nyanya yao kwa sababu tu ni cha zamani, na kwa watu wanaopenda mambo ya zamani hilo ni jaribu kubwa.

Kwetu mfano ni klorokwini. Nakala ya Mahali Pasipo na Daktari iliyochapwa miaka ya 1980 itakuelekeza klorokwini kwa malaria, na wakati huo ilikuwa sahihi. Tanzania iliiacha dawa hiyo mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaingia dawa iitwayo SP, kisha ikahamia dawa ya mseto mwaka 2006. Mtu atakayetegemea nakala hiyo leo kumtibu mtoto mwenye degedege usiku, njia ikiwa imekatika kwa mvua, atampoteza mtoto akiwa na kitabu mkononi. Maelezo kuhusu choo, maji, vidonda, uzazi na lishe hayajazeeka kwa kiasi hicho. Dawa huzeeka haraka, na mchapishaji anayezitenganisha katika kijitabu chenye mwaka ulioandikwa waziwazi jaladani anaokoa maisha.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuliwahi kuwa na fasihi nzima ya kujitegemea, na tumeisahau upesi mno. Baada ya Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na UNESCO kuanza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa mwaka 1968, viliandikwa vitabu vya kusomea ambavyo somo lake lilikuwa pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi: mtu alijifunza herufi na kazi kwa pamoja. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sidai kwamba kila choo kilidumu, na najua kwamba miaka ile ilikuwa na amri nyingi kutoka juu. Lakini utaratibu wa kikundi kusoma pamoja na kutenda kabla ya kusoma sura inayofuata ndio ambao maktaba za chini ya nyumba za Marekani hazina. Kule mtu husoma peke yake, na mara nyingi hasomi. Ananunua na kuweka.

Leo anayetaka maarifa ya namna hiyo kwa Kiswahili ana vichache. Lipo jarida la Mkulima Mbunifu, linalotolewa kwa wakulima kuhusu mbolea ya mboji, mbegu, nyuki na magonjwa ya mifugo, na ni moja ya machapisho ya maana kabisa tuliyonayo. Vipo vijitabu vya miradi, vinavyokufa mradi unapokwisha. Kilichobaki kipo kwenye simu, na simu ni chombo chema mpaka tarehe kama 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Ipo programu ya Kiwix, inayomwezesha mtu kuhifadhi Wikipedia yote ya Kiswahili ndani ya kadi ya simu na kuisoma bila mtandao. Shule zisizo na intaneti zinaitumia, na wanaojiandaa wa Marekani pia. Naishauri kwa moyo wote. Lakini simu bila chaji ni kioo tu, na mafuriko ya Kenya ya Aprili 2024, au tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 na kuifunika Katesh, hayampi mtu nafasi ya kutafuta chaja.

Ndiyo maana nadhani kinachotakiwa sasa ni kazi ya uchapaji, tena si kubwa. Kitabu cha afya ya kijiji kiandikwe upya kwa Kiswahili cha leo, dawa zake ziwe katika kijitabu cha pembeni kinachobadilishwa kila miaka michache. Kiongezewe sura ambazo Werner hakuwa na sababu ya kuziandika: shinikizo la damu na kisukari, ambavyo sasa viko hadi vijijini, na nini kifanyike insulini inapokwisha na barabara imekatika. Kiwe na sura ya mafuriko na maporomoko kwa watu wa milimani, na ya vimbunga kwa watu wa Mafia na Mtwara, ambao Mei 2024 walikiona Hidaya. Hospitali zetu za wilaya zina waganga wa kuziandika sura hizo, na vyuo vyetu vina wachoraji.

Na kabla ya kwenda kiwandani, rasimu ipelekwe Katesh, Rufiji na Kilosa, apewe mama aliyeishia darasa la saba, na mwandishi akae pembeni akimtazama anavyochanganya maji, chumvi na sukari kwa kufuata karatasi hiyo peke yake. Pale atakapositasita, pawekwe alama, na sentensi hiyo iandikwe tena.